Ngata ya Kijani

Kutoka Chake Chake hadi Wesha ni mwendo mfupi mno kuitwa safari. Daladala likishauacha mji linashuka upande wa magharibi kati ya mikarafuu na minazi, na abiria hajamaliza kupanga miguu yake juu ya ndoo na maboksi ya wenzake, harufu ya karafuu iliyoanikwa uani imeshaipisha harufu ya pwani: matope ya mikoko, chumvi, dizeli. Wageni wengi wanaofika Wesha huikanyaga tu wakapita. Wanatafuta boti ya kuwavusha Misali, kisiwa ambacho wenyeji husema kiliitwa hivyo kwa kuwa kilikuwa msala wa Nabii Khidhri, wakazamie kuangalia matumbawe na samaki. Mimi niliifuata Wesha yenyewe, na niliifuata na swali nililolibeba kutoka kwenye mabishano ya vijiwe vya ng'ambo ya bahari, swali ambalo pale Kariakoo huulizwa kwa kelele na hujibiwa kwa kelele zaidi: mji unaokula kwa jasho una haki gani juu ya mchezaji anayevaa rangi zake? Afanye kazi kama wao, hilo halina ubishi. Lakini je, afanane nao pia? Avae kama wao, aseme kwa unyenyekevu wao, aridhike na kidogo kama wanavyolazimika kuridhika?

Maji yalikuwa yanajaa. Jahazi lililotoka Tanga lilikuwa limefungwa gatini, limejaa mifuko ya saruji na magunia ya mbatata, na wachukuzi walikuwa wanapita juu ya ubao mmoja uliolazwa kutoka jahazini, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja na ngata yake kichwani. Ngata kwa kawaida ni kitambaa chochote kikuukuu, kipande cha kanga au cha gunia, kilichosokotwa kikakunjwa duara ili mzigo usikwaruze utosi. Ya mmoja wao ilikuwa jezi. Kijani na njano, rangi za Yanga, imefuliwa hadi kijani kimekuwa kama maji ya bwawa, na kwenye mkunjo zilisomeka herufi mbili za jina la mgongoni, F na E. Nyingine zilikuwa zimebanduka, au zimemezwa na msokoto. Pembeni alikaa kijana mwenye daftari. Kila mfuko ukipita, mstari mmoja. Wa tano unaikata minne iliyotangulia. Hakuinua macho kuangalia nani anapita. Aliangalia mifuko.

Wesha si jiji. Ni bandari ndogo mdomoni mwa hori la Chake, na kijiji nyuma yake. Lakini ukitaka kuona kazi ya mikono bila mapambo, hapa inatosha. Kwa miaka mingi umeme wa Pemba ulitoka hapa, kwenye jenereta za dizeli zilizonguruma usiku na mchana, hadi mwaka 2010 ulipolazwa waya chini ya bahari kutoka Tanga. Wanaume wanavua, wanachukua mizigo, wanapanda mikarafuu msimu ukifika. Wanawake wanachambua karafuu kutoka kwenye makonyo, wanaanika, wanauza samaki. Jioni watu hawa hawa hukaa maskani, na mazungumzo yakishaanza hayachukui muda kabla ya kufika Simba na Yanga. Pemba ina soka yake, ina Uwanja wa Gombani nje kidogo ya Chake Chake ambako Januari 2025 timu ya Zanzibar iliifunga Burkina Faso 2–1 katika fainali ya Kombe la Mapinduzi, na siku ile, kwa yakini, hakuna aliyeuliza habari za Kariakoo. Ila siku za kawaida bendera zinazopepea juu ya maskani ni mbili zile zile.

Herufi mbili za ngata ile ni za Feisal Salum Abdallah, Fei Toto kwa wanaompenda na hata kwa wanaomlaani. Ni kijana wa Zanzibar aliyepitia timu ya JKU, akatua Yanga mwaka 2018, akawa kiungo wa kutegemewa, mtu wa pasi ya mwisho na shuti la mbali. Msimu wa 2021/22 Yanga ilichukua ubingwa wa Ligi Kuu bila kufungwa mchezo hata mmoja, naye akiwa katikati ya kikosi hicho. Desemba 2022, msimu mwingine ukiwa nusu, akaondoka. Alirudisha shilingi milioni 112, yaani milioni 100 za usajili na milioni 12 za mishahara ya miezi mitatu, akasema mkataba amekwisha kuuvunja. Klabu ikasema haujavunjika. Januari 2023 Shirikisho la Soka, TFF, likaamua kuwa bado ni mchezaji wa Yanga. Miezi ikapita mtu hachezi, hadi watu wakaombwa kumchangia apeleke shauri lake kwenye mahakama ya michezo kule Uswisi. Mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni timu ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na USM Alger bila yeye, ikalikosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini. Rais Samia Suluhu Hassan alipoikaribisha timu Ikulu baada ya fainali ile, aliwaomba viongozi walimalize jambo hilo. Likamalizwa, na Juni hiyo hiyo mchezaji akahamia Azam.

Hadithi hii inajulikana. Kisichosemwa vya kutosha ni kwamba mashtaka yaliyomkabili mtaani yalikuwa mawili, na watu waliyasokota pamoja kama kamba. La kwanza lilikuwa la mkataba: alitia saini, akatoka kabla ya muda. Hilo ni shtaka lenye mashiko, nitalirudia. La pili halikuwa na kifungu chochote cha sheria. Lilisema: wewe ni mtoto wa kawaida, timu hii ni ya watu wa kawaida, unathubutuje kutaka makubwa? Ilipotoka upande wa familia yake ile kauli ya kwamba alikuwa akila ugali na sukari, nchi nzima ikacheka. Ikawa utani wa redioni, ikawa utani wa sokoni, ikawa maneno ya kumzomea uwanjani. Lakini hebu tuangalie kicheko kile kilikuwa cha nini. Waliocheka wengi wao wameula ugali huo. Walicheka kwa sababu kwao kula ugali na sukari si jambo la kulalamikia, ni Jumanne. Na mtu anayelalamikia Jumanne yako anakuonesha, bila wewe kumwomba, jinsi Jumanne yako ilivyo.

Yanga iliyoanzishwa mwaka 1935 hujiita Timu ya Wananchi, na jina hilo lina historia yake. Kuna simulizi la zamani la Dar es Salaam linalosema Yanga ilikuwa ya makabwela, na Simba, iliyozaliwa mwaka mmoja baadaye na kuitwa Sunderland hadi 1971, ilikuwa ya wenye nafasi na wenye asili ya Uarabuni. Simulizi hili lina chumvi nyingi. Leo matajiri wako kote kote na makabwela wako kote kote, na mzee wa Wesha anayeishabikia Simba hana dhahabu zaidi ya jirani yake. Lakini jina likishakaa linafanya kazi. Ukiiambia timu kuwa ni ya wananchi, unawapa wananchi hisia kwamba mchezaji ni ndugu yao, na ndugu hadai mshahara, ndugu husaidia. Hapo ndipo sura ya ukabwela inapoacha kuwa heshima na kuanza kuwa hesabu ya mtu mwingine. Milioni 12 kwa miezi mitatu ni milioni nne kwa mwezi. Kwa mchukuzi wa Wesha ni fedha ya ndoto. Kwa klabu iliyokuwa njiani kuelekea fainali ya Afrika ni kiungo aliyepatikana kwa bei ya chee. Wananchi walipomwambia aridhike, waliobaki na tofauti ya bei hawakuwa wananchi.

Mpemba ana sababu ya kulielewa hili kuliko watu wengi, kwa sababu aliwahi kuambiwa maneno hayo hayo kuhusu karafuu. Zao hili lilinunuliwa na mnunuzi mmoja tu, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, na kwa miongo mingi bei aliyopewa mkulima ilikuwa sehemu ndogo ya bei ya dunia. Kuchuma kulihimizwa kama wajibu wa kizalendo. Aliyepakia magunia yake usiku kwenye mashua akayapeleka Mombasa aliitwa adui wa uchumi, na kikosi kizima, KMKM, kiliundwa kwa jina la kuzuia magendo. Miaka ya 2010 serikali ilipotangaza kwamba mkulima atapata asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, foleni zilirudi kwenye vituo vya kununulia. Mkulima ni yule yule, uzalendo wake ni ule ule. Kilichobadilika ni kilichowekwa upande wa pili wa mizani. Simaanishi kwamba Fei Toto ni gunia la magendo. Namaanisha kwamba tumeshawahi kumwona mtu akiitwa msaliti kwa kukataa bei, na baadaye bei ilipopanda ikadhihirika kuwa hakuwa msaliti wa chochote.

Na hapo kwenye karafuu pana jambo jingine linalostahili kuangaliwa kwa karibu, nalo ndilo kiini cha hoja yangu. Mchumaji hulipwa kwa pishi. Anapanda asubuhi na kamba yake, anainamisha matawi, anajaza pakacha; jioni karafuu zikishachambuliwa zinamiminwa kwenye kipimo, mkono unapitishwa juu kusawazisha, na malipo yanahesabiwa. Hakuna anayeuliza kama alipanda mkarafuu na shati lililochanika au na shati jipya. Hakuna anayempunguzia kwa kuwa alikuwa akiimba, wala anayemwongezea kwa kuwa alikuwa akitokwa jasho kuliko wenzake. Siku ya kuuza, mnunuzi anachagua madaraja: la kwanza, la pili, la tatu. Anatazama ukavu, rangi, kama kuna makonyo yaliyochanganywa. Sura inapimwa, kweli, lakini ni sura ya karafuu, si ya mkulima. Mji wa wafanyakazi, kwa mila yake yenyewe ya kazi, unajua kutenganisha hivi viwili. Inakuwaje mtu yule yule akifika uwanjani anaanza kumpima mchezaji kwa shati?

Jibu la haraka ni kwamba kazi ya mpira haina pishi. Nadhani hapa ndipo mabishano mengi yanapopotea. Beki anayejirusha mbele ya mpira, mshambuliaji anayemkimbiza kipa hata akijua hatampata, hawa kazi yao inaonekana, na majukwaa huwapenda. Kiungo mchezeshaji kazi yake kubwa ni kuona. Anasimama, anageuza shingo, anatembea hatua tatu mahali ambapo wengine wanatimka, na kutoka mbali anaonekana mvivu. Clatous Chama, Mzambia aliyeichezesha Simba kwa miaka na kisha mwaka 2024 akavuka kwenda Yanga, ameandamwa na neno hilo hilo, uvivu, na mara nyingi na watu waliosimama kushangilia pasi yake dakika iliyofuata. Lakini Wesha haihitaji kufundishwa hili. Nahodha wa jahazi lile lililotoka Tanga hakubeba hata mfuko mmoja. Alikaa shetri, mkono kwenye usukani. Kazi yake ilikuwa kujua lini kuondoka, kusi linavuma kwa nguvu gani, maji yatamfikishaje gatini kabla hayajaanza kupwa na kumwacha kwenye matope. Akikosea, mabaharia wote watavuja jasho bure. Hakuna mchukuzi anayemwita mvivu. Na si bahati kwamba Kiswahili kimechukua neno hilo hilo, nahodha, kikampa anayeongoza timu.

Wamarekani wana mchezo wao ambao wanauita mpira wa miguu ingawa mikono ndiyo inayofanya kazi, na katika mchezo huo nahodha wa namna hii ana nafasi yake rasmi: kwotabeki. Yeye hupokea mpira kila shambulizi linapoanza na ndiye huamua uende wapi. Kwa kuwa kila kitu kinapita mkononi mwake, miji ya Marekani hujitazama kwake kama kwenye kioo, na miji ya viwanda na bandari hutaka kioo kioneshe kofia ya kazi. Hakuna aliyetimiza haja hiyo kuliko Johnny Unitas wa Baltimore, wakati ule jiji la gati na tanuri za chuma. Aliachwa na timu ya Pittsburgh mwaka 1955, akafanya kazi ya ujenzi huku akicheza mchangani kwa dola sita kwa mechi, kisha Baltimore ikamwita mwaka uliofuata. Nywele fupi zilizokatwa bapa, viatu vyeusi vya shingo ndefu, maneno machache. Mwaka 1958 aliipa ubingwa timu yake dhidi ya New York kwa 23–17 katika muda wa nyongeza, na wafanyakazi wa bandari wakamhesabu kuwa mmoja wao.

Miaka kumi baadaye akatokea mtu aliyekuwa kinyume chake kwa kila kitu kinachoonekana. Joe Namath wa New York alisajiliwa mwaka 1965 kwa zaidi ya dola 400,000, fedha isiyosikika wakati ule. Alivaa makoti ya manyoya, viatu vyeupe, akapigwa picha kwenye vilabu vya usiku. Januari 1969 alitangaza hadharani kuwa timu yake itashinda fainali, na mpinzani alikuwa Baltimore, timu ya Unitas, iliyopewa nafasi kubwa mno. Ikashinda 16–7. Sasa, kama sura ingekuwa ushahidi wa kazi, hadithi ingeishia kusema kwamba anasa imeishinda bidii, na tungekuwa na funzo baya sana. Lakini Namath ndiye alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda cha chuma, kutoka mji mdogo wa Beaver Falls, Pennsylvania. Ndiye aliyecheza miaka yote hiyo na magoti yaliyopasuliwa, akivumilia maumivu ambayo koti la manyoya halikuyaonesha. Yeye na Unitas walitoka karibu dunia moja na walifanya kazi ile ile. Mmoja alivaa kama alikotoka, mwingine alivaa kama anakokwenda. Na Unitas, aliyependwa kwa kufanana na watu wake, alipozeeka mkono wake wa kulia, ule uliotupa mipira yote ile, haukuweza tena kushika vitu sawasawa. Hapo naye alifanana na watu wake, na hakuna aliyekuwa amemwomba afanane nao kwa hilo.

Niyageukie sasa yanayoweza kusemwa dhidi yangu. La kwanza ni watoto. Husemwa kwamba mchezaji ni kioo cha jamii, kijana wa Wesha akimwona nyota na gari na cheni shingoni ataidharau ngalawa ya baba yake. Ninaliheshimu jambo hili, lakini siamini kwamba watoto ni wajinga kiasi hicho. Bahari ikipwa pale Wesha, mchanga na matope vinabaki wazi, na watoto wanaweka magoli ya vijiti. Wanachoiga ni jinsi anavyogeuka na mpira mguuni, anavyofungua mwili kabla pasi haijafika. Wanarudia mara arobaini. Hayo ndiyo mazoezi, na wameyapata kutoka kwa nyota bila hotuba. Kuhusu kuidharau ngalawa, nathubutu kusema kinachomfanya kijana aidharau ni kile anachokiona baba akirudi nacho jioni, si kile alichovaa kiungo wa Azam.

La pili ni zito zaidi: kwamba maisha ya nje humwingia mtu miguuni. Anayekesha Ijumaa huchoka Jumamosi, na soka letu lina orodha ndefu ya vipaji vilivyoishia usiku. Kweli. Lakini tazama tunachokisema hapo: tunasema kukesha kunaharibu kazi, na kazi ikiharibika itaonekana. Basi tuihukumu kazi. Karafuu iliyovunda hatuitambui kwa kumnusa mkulima. Mkufunzi anayemwacha nje mchezaji aliyechelewa mazoezi anafanya kama mnunuzi anayerudisha gunia lenye unyevu, na mji mzima una haki ya kumuunga mkono. Kinachonishinda ni kumwacha mkeshaji mwenye kauli za kinyenyekevu apite, na kumzomea asiyekesha kwa kuwa miwani yake ni ya bei ghali. Hilo nimelisikia majukwaani zaidi ya mara moja, na kila mara waliozomea walikuwa na uhakika kuwa wanaitetea bidii.

La tatu ni la mkataba, na hapa nakubali zaidi ya nusu. Wesha inaishi kwa ahadi zisizoandikwa. Nahodha akisema tunaondoka na maji ya alfajiri, abiria hulala gatini kwa kuamini neno hilo. Mchezaji aliyesaini hadi 2024 na kuondoka 2022, katikati ya msimu, aliwaacha wenzake na mzigo nusu ya ubao. Waliomlaumu kwa hilo walikuwa na haki, na maamuzi ya TFF hayakutoka hewani. Ila lawama ya haki ina mipaka yake: inasema timiza ulichosaini. Haiendelei kusema na usitake zaidi ukimaliza, wala usione kuwa ulichosaini ni kidogo, wala usisahau ulikotoka. Na msimu wa kwanza kamili baada ya ugomvi ule, 2023/24, mtu aliyeambiwa ameharibiwa na tamaa alifunga mabao 19 ya ligi, mawili tu nyuma ya Stephane Aziz Ki wa Yanga. Tamaa ile, vyovyote tutakavyoiita, ilikuwa imeamka asubuhi kwenda mazoezini.

Zanzibar yenyewe, kwa njia isiyokusudiwa, imeshalijaribu lile wazo la mchezaji anayefanana na mfanyakazi hadi mwisho wake. Tazama majina ya timu zake: JKU ni Jeshi la Kujenga Uchumi, KMKM ni wale wale wa kuzuia magendo, Mafunzo ni ya magereza, Zimamoto jina linatosha, KVZ ni ya kikosi cha valantia, na Polisi ni polisi. Katika timu hizi mchezaji mara nyingi ni mwajiriwa mwenye sare, cheo na mshahara wa kikosi, na uwanjani anafika kama mtu anayetoka zamu moja kuingia nyingine. Kama kuvaa ukabwela kungetosha, hakuna ligi duniani iliyouvaa vizuri kuliko hii. Nami naiheshimu, imewapa vijana wengi wa visiwani chakula cha uhakika na pensheni ambayo soka la Bara haliwezi kuiota. Lakini wanaong'ara huvuka bahari, kama Feisal alivyovuka kutoka JKU, na hatuwaiti wasaliti wa kujenga uchumi. Tunakwenda bandarini kuwaaga, kisha tunanunua jezi za huko walikokwenda. Hasira inakuja pale tu mtu anapovuka mara ya pili, safari hii kwa bei anayoitaja yeye.

Alasiri maji yalikuwa yamefika juu ya nguzo za gati na jahazi limepanda kiasi kwamba ubao, uliokuwa ukiinuka kutoka jahazini asubuhi, sasa uliteremka. Mifuko ilikuwa imebaki michache. Mchukuzi mwenye ngata ya kijani alisimama pembeni, akaivua kichwani, akaikung'uta vumbi la saruji, na kwa muda mfupi ikawa jezi tena, imeshikwa mabegani kama nguo inayotaka kuanikwa, jina zima likasomeka isipokuwa herufi moja. Akaisokota upya, akaipachika, akarudi kwenye ubao. Yule kijana wa daftari akapiga mstari.